Kadi mbili, sako na wadhamini wanne: nijitangaze mufilisi au nifanyeje?

Baba Nasra, Tudor

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Naandika usiku kwa sababu mchana sina uso wa kulizungumza jambo hili na mtu. Mnisamehe urefu.

Nimefanya kazi bohari la makontena kule Changamwe miaka 11. Tangu mizigo ianze kupandishwa reli moja kwa moja kwenda Nairobi 2018, kazi ilikuwa yapungua kidogo kidogo. 2022 shughuli za kutoa mizigo ziliporudishwa Mombasa tulifurahi, lakini kampuni yetu ilikuwa imeshachoka. Mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, tuliitwa tukapewa barua. Sasa naendesha tuktuk ya mtu, Tudor na mjini. Nikishatoa mafuta na hesabu ya mwenye tuktuk, nabaki na kama 800 kwa siku.

Madeni yangu ni haya. Kadi ya mkopo ya kwanza, 310,000. Kadi ya pili, benki nyingine, 185,000. Mkopo wa sako, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, 280,000, na wadhamini wanne, wote tulikuwa bohari moja. Mikopo ya simu, 46,000. Jumla 821,000.

Sikucheza kamari wala sikununua gari. Kadi ya kwanza ilianza na karo. Halafu mama akalazwa, hospitali ikataka amana kabla hajapewa kitanda, nikapitisha kadi. Halafu harusi ya dada yangu. Wazee walisema kukopa harusi kulipa matanga, nami nilikuwa nausikia msemo huo kama wa watu wengine. Kazi ilipokwisha nikawa natoa pesa taslimu kwenye kadi ya pili ili nilipe ya kwanza. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Barua za benki nilikuwa nazificha ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Wiki iliyopita mke wangu alikuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akaliteremsha, zikamwagika sakafuni. Zilikuwa 14, na nane hata sikuwa nimezifungua. Hakusema neno. Alizikusanya, akazipanga kwa tarehe, akaniwekea mezani pamoja na chai. Nilikaa nazo mpaka adhana ya alfajiri.

Kuna mwenzangu pale steji aniambia nijitangaze mufilisi mahakamani, yote yafutika, naanza upya. Je, ni kweli? Na jambo jingine: baba yetu alituachia nyumba Majengo, nyumba ya Kiswahili isiyo na ardhi, tuko ndugu watano na hatujagawana. Mwenzangu asema hisa yangu nimwandikie dada haraka kabla sijaenda mahakamani. Nishaurini.

Kijana wa Mtwapa

Kaka pole. Mimi ningevunja laini, nihame, nianze maisha pengine. Benki wana pesa nyingi, hawatakufuata mpaka Mtwapa kwa laki tatu.

Mzee wa Kibokoni

Mwanangu, pole sana. Kwanza nakuombea. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 280, ameamrisha kwamba mdaiwa akiwa na dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa. Na katika wale wanane wanaostahiki zaka wamo waliolemewa na madeni, hilo liko Suratu Tawba aya ya 60. Nenda kazungumze na imamu wa mtaa wako. Usione haya, hiyo ni haki uliyowekewa.

La riba ya kadi nalo linanichoma. Umelipa karo ya mtoto mara moja na bado walipa karo hiyo hiyo miaka. Siku ukiiweka chini kadi hiyo usiiokote tena.

Kijana wa Mtwapa, laini yavunjika. Deni halivunjiki.

Karani Mstaafu

Nimekaa mahakamani miaka mingi nikipokea majalada, si wakili, lakini mambo haya yamepita mikononi mwangu. Nitajaribu kueleza pole pole.

Ndiyo, sheria ipo. Ni Sheria ya Ufilisi ya 2015, iliyoiondoa ile ya zamani ya tangu ukoloni. Mdaiwa mwenyewe anaweza kuomba Mahakama Kuu imtangaze mufilisi. Lakini mwenzako wa steji amekupa nusu ya hadithi. Ukitangazwa, mali yako yatoka mikononi mwako na kushikwa na msimamizi wa ufilisi, auze, awagawie wadai. Huachiwi chochote isipokuwa vitu kama vyombo vya nyumbani na zana za kazi. Jina lako laingia kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulisoma. Huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni, huwezi kusafiri nje ya nchi bila ruhusa, na Katiba yenyewe, kifungu cha 99, yamzuia mufilisi ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge. Kuachiliwa huja baada ya miaka 3 tangu uwasilishe taarifa kamili ya mali na madeni yako. Miaka hiyo haianzi kuhesabiwa kabla taarifa haijafika, na nimeona watu wanaokaa mwaka mzima bila kuipeleka wakidhani wamemaliza.

Sheria hiyo hiyo ina ngazi za chini ambazo watu hawaambiwi. Ipo njia ya asiye na mali: deni lisipungue 100,000 wala lisizidi milioni 4, uwe huna chochote cha kuuzwa, wala hujawahi kuingia njia hiyo wala kufilisiwa. Hiyo huisha kwa miezi 12 na madeni mengi hufutwa. Ipo amri ya malipo ya awamu, ambapo Mpokeaji Rasmi wa serikali apanga ulipe kidogo kidogo, yote au kiasi unachokiweza, na muda wa amri hiyo ikiendelea mdai hawezi kukimbilia kukushtaki. Na yapo makubaliano ya hiari na wadai, kupitia mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni, lakini kwa deni la ukubwa wako ada yake yaweza kukumeza.

Sasa nyumba ya Majengo. Hisa ya urithi ni mali, hata kama hamjagawana. Kwa hivyo njia ya asiye na mali, wewe si wa pale, samahani. Na hilo la kumwandikia dada, nakuomba kwa heshima zote, usilifanye. Zawadi uliyotoa ndani ya miaka 2 kabla ya kufilisiwa inaweza kubatilishwa, na kuficha mali ni kosa la jinai. Utamwingiza dada yako kizimbani kwa nyumba ambayo tayari ana fungu lake.

Mama Kongowea

Baba Nasra, mimi nataka nikwambie upande wa pili, maana nimeona watu wote wazungumza benki, benki.

Mimi nilikuwa mdhamini. Mfanyakazi mwenzangu alikopa sako, tukamwekea sahihi watatu. Akapoteza kazi, akazima simu. Sako ikaanza kukata akiba zangu, akiba niliyokuwa naiweka kila mwezi niezeke nyumba ya mama kule shamba. Nilimlipia miaka mitatu. Mama yangu alilala chini ya makuti yanayovuja misimu mitatu ya masika, na mimi kila mwezi natazama karatasi ya mshahara.

Siku moja nilimwona kwenye feri ya Likoni. Tulikuwa hatua tano. Akageuza uso akatazama maji mpaka tukafika ng'ambo. Wallahi zile pesa nimezisahau. Ule mgongo sijausahau.

Wale wanne wako wajua kama umeacha kulipa? Umewapigia?

Baba Nasra, Tudor

Mama, sijawapigia. Mmoja alinitumia meseji mwezi jana, "Vipi ndugu, sako wananiuliza." Sikujibu. Nilijiambia nitajibu nikiwa na pesa.

Karani, je, nikifilisiwa wao wanaachwa?

Karani Mstaafu

Hawaachwi. Kufilisika kwako kwakuondolea wewe deni, hakumwondolei aliyekudhamini. Sheria imelisema hilo wazi. Sako itawageukia siku hiyo hiyo.

Lakini uliza sako jambo moja kabla ya yote: akiba zako ni kiasi gani? Kwa kawaida zako ndizo zinazokatwa kwanza dhidi ya mkopo, ndipo wadhamini waguswe.

Baba Nasra, Tudor

Akiba zangu ni 120,000. Sikuwahi kufikiria kwamba zaweza kukatwa huko. Kwa hivyo yabaki 160,000, kila mdhamini 40,000.

Nimeandika hesabu hiyo nyuma ya kalenda ya msikiti. Nimeitazama nusu saa. 40,000 ni karo ya mwaka ya mtoto wa mmoja wao, na najua ni mtoto gani.

Bi Fatma, Bamburi

Mdogo wangu, mimi nilitoka kwenye kadi moja ya 240,000 kwa miaka miwili na nusu. Nitakwambia nilivyofanya.

Kwanza tazama riba. Kadi yako inatoza asilimia ngapi kwa mwezi? Angalia kwenye taarifa, sehemu ya chini, herufi ndogo. Yangu ilikuwa 3.5. Ukiwa nayo hiyo hiyo, 310,000 yazaa 10,850 kila mwezi. Ukilipa 15,000 ukijiona umejitahidi, ni 4,150 tu zilizopunguza deni. Na ya pili, 185,000, yazaa 6,475. Kadi zote mbili ni 17,325 kwa mwezi. Wewe wapata 800 kwa siku, ukifanya siku 26 ni 20,800. Yaani ukizilipa kadi riba peke yake, nyumbani kwabaki 3,475. Kodi, unga, vitabu, yote. Kwa hivyo si kwamba wewe ni mzembe. Hesabu yenyewe haiwezekani, na benki wakiiona kwenye karatasi nao wanaielewa.

Usiipeleke kwa simu. Mimi niliandika barua, nikaipeleka tawini kwa mkono, nikataka igongwe muhuri kwenye nakala yangu. Niliandika mapato yangu, matumizi ya lazima, ninachoweza kulipa. Niliomba mambo matatu: kadi ifungwe, riba isimamishwe, na salio ligeuzwe kuwa mkopo wa kawaida wa awamu. Mara ya kwanza walikataa. Mara ya pili wakanipa mtu wa idara ya madeni, tukaelewana. Wakikubali chochote, usilipe hata shilingi kabla hujashika barua yao. Maneno ya kwenye simu hayana shahidi.

Pia jua hili, na wengi hawalijui. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, kinachotumika tangu 2007, chasema mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba inayoongezwa tangu hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Mkopo huhesabiwa hivyo ukipitisha siku 90. Kama ulikwama ukiwa na 310,000, riba yao haivuki 310,000 nyingine; gharama za kudai ndizo huongezwa kando. Ni nyingi bado, lakini ina dari. Wakikuletea karatasi yenye milioni, omba mchanganuo.

Fundi wa Magongo

Zile 46,000 za simu ndizo zitakazokunyima usingizi kuliko laki tatu. Mimi walinipigia mkwe wangu, wakampigia mwalimu wa madrasa ya watoto. Sasa kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza kupigia watu walio kwenye simu yako au kukutisha au kukutukana. Na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hifadhi meseji zote, piga picha, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Mimi nililalamika na simu zikakoma. Deni nililipa, lakini kwa adabu.

Kijana wa Mtwapa

Na jela je? Jirani yetu alipelekwa kwa sababu ya deni. Ndiyo maana nikasema ahame.

Karani Mstaafu

Kifungo cha deni kipo kwenye sheria ya mashauri ya madai, na chaweza kufika miezi 6. Lakini hakiji hivi hivi. Lazima kwanza kuwe na hukumu, halafu mdaiwa aitwe aje ajieleze. 2010, Jaji Martha Koome, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa kunakwenda kinyume na mkataba wa kimataifa ambao Kenya imejiunga nao. 2012 Jaji David Majanja akasema sheria yenyewe ibaki, lakini mahakama ihakikishe kuwa mtu anao uwezo na anakataa kwa makusudi. Wanaofungwa wengi niliowaona ni wale waliopuuza wito. Mtu alikuwa hana kitu kweli, lakini hakuja kusema kwamba hana kitu. Hakimu ana karatasi ya upande mmoja mbele yake, afanyeje?

Kwa hivyo Baba Nasra, ukipata karatasi yoyote ya mahakama, hata ya Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai mpaka milioni moja, nenda siku hiyo. Na ukipewa ilani rasmi ya kudai deni chini ya sheria ya ufilisi, una siku 21. Usiiweke kwenye kopo la maziwa. Wakili ukimkosa, Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa, wanasaidia wasio na uwezo.

Dada Likoni

Na CRB, wale wanaoweka rekodi za wakopaji? Mimi nilikwama 1,700 ya simu nikanyimwa kazi ya benki.

Bi Fatma, Bamburi

Kuorodheshwa utaorodheshwa, usidanganyike. Taarifa mbaya hukaa miaka 5 tangu ulipe. Lakini hata hapo ripoti huandika kwamba umelipa, na hilo ni tofauti na kuachwa wazi. Una haki ya ripoti moja bure kila mwaka, ichukue, kagua. Yangu ilikuwa na deni ambalo si langu, nililipinga likaondolewa.

Mzee wa Kibokoni

Jumatatu nilikuwa makaburini Manyimbo tukimzika mtu wa rika langu. Mnajua desturi yetu: kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia asimama, atangaza kwamba mwenye kumdai marehemu aje kwa wanawe. Nilimtazama mwanawe mkubwa. Ana miaka 25 labda. Alikuwa ameuma mdomo, akingoja kuona nani atakuja.

Baba Nasra, una watoto wangapi?

Baba Nasra, Tudor

Wanne. Mkubwa ndiye Nasra, kidato cha tatu.

Nimewasoma wote. Naomba siku chache.

Baba Nasra, Tudor (wiki tatu baadaye)

Nimerudi, kama nilivyoahidi.

Nilianza na wadhamini. Sikuwapigia simu, niliwaendea, mmoja baada ya mwingine, jioni nne. Wa kwanza Mikindani. Nilipobisha, mke wake alifungua, akaniona, akarudi ndani bila kusalimu. Nilisimama pale kizingitini nikidhani siingii. Halafu yeye akatoka na shuka kiunoni, akaniambia, "Tulidhani umekufa." Nikamweleza hesabu yote, akiba zangu, 40,000 zake. Alikasirika. Aliniambia maneno ambayo nilistahili, nami sikujitetea. Mwisho akaniuliza kama nimekula.

Wa tatu hakutaka kunisikiliza, nimemwachia karatasi yenye namba yangu na hesabu.

Sako tulikwenda watatu, mimi na wadhamini wawili. Wamekubali kukata akiba zangu zote, na zile 160,000 nilipe 4,000 kwa mwezi. Kwa kauli ya afisa wa mikopo, maadamu nalipa, hawatagusa akiba za wenzangu. Nimeomba iandikwe. Imeandikwa, kila mdhamini ana nakala.

Benki ya kadi ya kwanza nilipeleka barua kama alivyonielekeza Bi Fatma, ikagongwa muhuri. Kijana wa pale kaunta alisoma ukurasa wote, akaniita pembeni, akasema watu hawaleti barua kama hizi, wanaleta visingizio. Bado sijajibiwa rasmi ila kadi imefungwa na nimeikata kwa mkasi mbele yake. Benki ya pili wamekataa. Wamesema nilipe nusu kwanza. Nitarudi tena mwezi ujao na barua ile ile.

Ufilisi nimeuweka kando kwa sasa, sikuutupa. Karani ameniambia faraghani kwamba zile benki zikikaza kamba, amri ya malipo ya awamu ndiyo inayonifaa, na nimeanza kuandika ile taarifa ya mali na madeni iwe tayari. Nyumba ya Majengo nimeiandika, ile hisa yangu. Dada yangu nilimwambia kila kitu. Alilia, kisha akasema kumbe ile harusi ningemwambia tufanye maulidi ya nyumbani tu.

Imamu amechukua jina langu kwa kamati ya zaka. Sijui watatoa nini, lakini alinishika mkono muda mrefu.

Jioni kuanzia saa kumi na mbili nalipeleka tuktuk Nyali, wateja wa kule wanalipa vizuri zaidi. Simu yangu iko wazi. Jana ililia mara 11, saba ni wadai, nikapokea zote saba.

Mama Kongowea

Alhamdulillahi. Yule wa tatu aliyekataa kukusikiliza, mrudie Ijumaa baada ya sala. Mtu akishaswali moyo wake unalegea.

Baba Nasra, Tudor

Nitakwenda, Mama. Amehamia Miritini, nimeulizia nyumba.